Ngoma ya Bibi Adelina na Miaka Yangu ya Kushika Maiki

Watu wakisikia nimestaafu wanacheka, na mimi nacheka nao, ingawa siku hizi kicheko changu kinatoka kama mlango wenye kutu. Nina miaka thelathini na minne. Wastaafu ninaowajua wana mvi, wana fimbo, na wana bahasha ya karatasi wanayotembea nayo kwapani. Mimi nina mtoto wa darasa la pili na baiskeli. Lakini kazi yangu ilikuwa ya koo, na koo limefika mwisho wa safari kabla yangu. Daktari alinimulika, akasema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti, akaniagiza niongee polepole kama mtu aliye kanisani, na maiki nisiishike tena. Nikamuuliza, hata ya harusi? Akasema, hasa ya harusi.

Basi naandika, maana mkono hauna vinundu. Shule nilimaliza darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, rukeni tu kama mnavyoruka dimbwi. Nawaandikia nyie wadogo zangu wa kamati ya gulio la mavuno hapa Ifakara, nyie mtakaosimama pale nilipokuwa nasimama. Nani alikuwa mwenyekiti mwaka gani na nani aligombana na nani kuhusu fulana za kamati, hayo waulizeni wengine. Mimi nataka kuwaambia niliyoyaona na kuyasikia, kwa sababu mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Nilianza kwa bahati tu. Nilikuwa nauza miwa iliyomenywa, nimeibeba kwenye sinia, napita katikati ya watu nikiita. Mwenye vyombo vya matangazo alikuwa Fundi Fidelis, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyekuwa na amplifaya moja, jenereta moja na spika mbili za honi zilizobonyea kama sufuria za msibani. Siku hiyo mtangazaji wake alikuwa amelala na homa. Nikasikia mtu ananishika bega.

"Binti, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Nyumbani, shikamoo."

"Marahaba. Weka sinia chini, uje nayo hapa."

Sinia niliiweka chini, na miwa sijui nani aliila. Nilipewa maiki iliyovalishwa soksi. Nilidhani ni utani, kumbe soksi inazuia upepo usivume ndani ya spika. Mpaka leo nawaambia, soksi iwe mpya. Fundi Fidelis hakujali hilo, na mwaka wangu wa kwanza nilitangaza nikiwa nimebana pumzi.

Nikapanda juu ya meza, nikatazama. Nilizaliwa Lumemo, gulio lile nimelijua tangu niko mgongoni mwa mama, lakini sikuwahi kuliona kutoka juu. Wakati huo kivuko bado kilikuwa kinafanya kazi, daraja halijaisha, na watu wa Lupiro walikuwa wanaingia wamejitwisha magunia, kuku wananing'inia kwenye usukani wa baiskeli, kambare wakavu wamefungwa kwa majani. Wa Chita walishuka na treni. Wasukuma walikuja na ng'ombe wao na zile shuka zao. Mchele mpya ulikuwa unanukia uwanja mzima. Kwaya tatu zilikuwa zinapasha sauti kwa wakati mmoja, kila moja na wimbo wake, na kwa mbali mtu alikuwa anajaribu tarumbeta. Nilisimama na maiki mkononi nikasahau kusema. Fundi Fidelis akanivuta gauni kutoka chini. Ndiyo nikasema neno langu la kwanza la kazi, ambalo lilikuwa, "Jamani, mko wengi."

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Niliambiwa nipange ratiba, na mimi kwa akili yangu nikaona jambo kubwa litangulie. Ngoma ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko yote, kikundi cha akina mama wa Lupiro, kwa hiyo nikakiita kwanza, saa mbili asubuhi. Nyie mnajua bonde letu asubuhi linavyokuwa. Ukungu wa mto ulikuwa bado umekaa uwanjani kama mgeni asiyeaga. Wamama wakaingia, wakapiga, na ngoma zikatoa sauti ya mtu anayekung'uta godoro.

Mkubwa wao alikuwa Bibi Adelina. Mfupi, mikono mipana, amejifunga kanga kiunoni kwa fundo ambalo hata ng'ombe asingelifungua. Alisimamisha wenzake, akanijia pale mezani.

"Wewe ndiye uliyetuita saa hizi?"

Nikasema ni mimi, shikamoo bibi.

"Marahaba. Unajua ngozi inaamka saa ngapi?"

Sikujua. Sikujua hata kwamba inalala. Akanieleza, bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto kuosha vyombo, kwamba ngozi ya ngoma hunywa umande usiku kucha ikalegea, na haiwezi kulia mpaka ikauke na kujivuta. Jua likipanda, ianikwe. Jua likigoma, iote moto. Tangu siku ile sikupanga ratiba kwa saa tena, nilipanga kwa ngozi. Kwaya asubuhi, maana koo halihitaji jua. Ngonjera za watoto wa shule zifuate. Matarumbeta yaje saa nne. Ngoma ni kuanzia saa nane, wakati ukigusa bati unaungua. Andikeni hilo kwenye daftari lenu ukurasa wa kwanza.

Lakini siku ile ya kwanza haikuishia hapo. Ili kuokoa mambo, Bibi Adelina aliwasha moto wa majani makavu ya mpunga palepale pembeni ya uwanja, akazielekeza ngoma kwenye mwali. Upepo ukaja. Cheche moja ikaruka, ikavuka watu wote, ikatua kwenye kitenge kipya kilichotundikwa kwenye baraza ya Mzee Athumani, fundi cherehani. Tundu lenyewe halikuzidi kidole gumba. Lakini Mzee Athumani, ambaye baba yake alitoka Kilwa na ambaye hajawahi kushona pindo lililopinda, alikuja uwanjani na kitenge kile mkononi kama mtu aliyebeba maiti ya paka. Kamati ikakaa, ikapiga marufuku moto wa wazi uwanjani. Kitenge chenyewe hakukitupa. Alikifanya kifuniko cha cherehani yake, tundu likiwa mbele kabisa, ili kila mpiga ngoma anayepita alione. Kwa zaidi ya miaka kumi yeye na Bibi Adelina walipeana shikamoo na marahaba, basi.

Miaka ikaenda. Fundi Fidelis alinifundisha kazi kwa kidole zaidi kuliko kwa mdomo. Alinyooshea waya, maana yake umekanyagwa na mkokoteni, kaufukie. Alinyooshea spika, maana yake upepo umegeuka, nayo igeuzwe. Akinyooshea koo lake, maana yake nanyweshwa soda baridi tena na mashabiki, niache, ninywe maji ya uvuguvugu. Ningemsikiliza hilo la mwisho, pengine leo nisingekuwa nawaandikia.

Niliona mengi. Niliona kikundi cha Wasukuma kilicholeta chatu ndani ya kapu, na mimi kwa ujinga nikakipanga kikae benchi moja na kwaya ya akina mama. Kwaya ile iliimba vizuri mno mwaka huo, sauti ya kwanza ilipanda mpaka mahali ambapo sikuwahi kuisikia tena, kwa sababu yule wa mwisho upande wa kulia alikuwa amekaa karibu na kapu. Niliona mzee mmoja wa Kindamba aliyelia akisikia wimbo ambao mama yake aliimba akitwanga. Niliita watoto waliopotea wasiohesabika, na mara moja nilimwita baba aliyepotea, mtoto ndiye aliyekuja kumtangaza. Kila mwaka nilikuwa nadhani nimezoea, na kila mwaka saa nane ikifika, ngoma ya Lupiro ikianza, nilikuwa naachama mdomo kama siku ya kwanza.

Ngoma yao kubwa ilikuwa na sauti yake. Wenyewe waliiita Mwenzetu. Ilichongwa kwenye gogo moja, mdomo wake upana wa ungo mdogo, na ngozi iliyokuwa juu yake iliwambwa kabla mimi sijazaliwa. Ngozi kongwe huwa nyembamba na hulia kwa utamu ambao mpya haina. Aliyeipiga alikuwa Bibi Adelina peke yake.

Sasa ndipo nafika kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika.

Mwaka juzi, wiki chache kabla ya gulio, nilivuka mto kwenda Lupiro kuandikisha vikundi. Nilimkuta Bibi Adelina anapepeta. Nilimwamkia mara mbili hakuitika. Mara ya tatu akageuka, akanitazama mdomo.

"Masikio yanafunga duka," akasema. "La kulia limefunga. La kushoto linahesabu siku. Mwaka huu nakabidhi, Vena. Niandikie hivyo."

Nikamuuliza nani. Akanionyesha mjukuu wake, Stamili, binti wa miaka ishirini anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyekuwa anatoka chooni na ndoo, akaona tunamtazama, akarudi chooni.

Nyie mlio mbali na ngoma hizi msichukulie hili kuwa dogo. Kwenye kikundi chao, ngoma kubwa haikabidhiwi nyumbani. Inakabidhiwa gulioni, jua likiwa bado lipo, watu wa pande zote mbili za mto wakiwa wamesimama. Na yule anayeitoa lazima aisikie kwa masikio yake ikilia mikononi mwa anayeipokea. Ikigoma, au ikilia na mwenyewe asiisikie, inarudishwa nyumbani, ngozi inafumuliwa, gogo linawekwa darini, na hapo imekwisha. Nikauliza kwa nini isijaribiwe mwaka unaofuata. Bibi akasema ngoma si ugali, kwamba ukiungua utasonga mwingine. Mwaka unaofuata yeye mwenyewe asingesikia kitu. Ilikuwa siku hiyo au hapana.

Nilirudi Ifakara nimebeba jambo hilo kama yai. Nikapanga siku nzima kwa ajili yake. Saa nane kamili, Lupiro.

Siku ikafika, jua safi. Saa tano nikawaambia wamama wazianike ngoma katikati ya uwanja, nyuso juu. Wakaenda kula kwa mama lishe, ng'ambo ya mtaro. Saa saba na nusu nikiwa mezani nikahisi upepo wa baridi shingoni. Nikageuka. Wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani, jeusi, mwezi ambao bonde letu halijui mvua. Watu wazima wakabaki wanaliangalia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Tulikuwa na turubai moja. Tone la kwanza lilipogonga maiki, mimi na Fundi Fidelis tuliruka. Tukaivuta turubai, tukafunika amplifaya, tukafunika spika, tukafunika jenereta, nikalala juu yake ili upepo usiifunue. Mvua ilimwagika. Nilikuwa najisifu moyoni jinsi nilivyokuwa mwepesi. Kisha nikainua kichwa, nikaziona ngoma. Zilikuwa katikati ya uwanja, nyuso juu, kama nilivyoagiza, zinajaa maji. Wamama walikuwa wanakimbia kutoka ng'ambo ya mtaro, Stamili mbele, kandambili mkononi. Walikuwa wamechelewa. Nilikuwa nimeiokoa sauti yangu, nikaiacha yao.

Bibi Adelina hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Aliimwaga maji Mwenzetu, akabonyeza ngozi kwa kidole, ikabonyea kama sikio la ng'ombe. Akaifunika kwa kanga. Stamili akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba isisikike, kwamba waende tu nyumbani. Nikasema tutafute moto, jiko la mama lishe. Bibi akanisoma mdomo, akatikisa kichwa. Moto wa mwali ungeipasua ngozi ile. Ikiwa imelowa namna hiyo ilitaka joto la kufunikwa, la taratibu, linalotembea.

Nilisimama kwenye mvua nikifikiri joto gani linafunikwa na linatembea. Na mbele yangu, kwenye baraza ya bati, mstari wa mafundi cherehani walikuwa wamejikinga mvua, na mmoja wao alikuwa anapiga pasi kanzu. Pasi ya mkaa. Mzee Athumani.

Nilivuka uwanja nikiteleza.

"Shikamoo Mzee Athumani."

"Marahaba. Usilowanishe kanzu ya watu."

"Nimekuja kuomba moto."

Akaacha kupiga pasi. Akatazama cherehani yake, kile kifuniko, lile tundu. Akanirudia mimi.

"Moto," akasema. "Kwangu."

Nikamweleza yote, mvua ikipiga bati, ikabidi nipaze sauti. Kwamba ni kosa langu. Kwamba bibi hatasikia mwakani. Wateja wote barazani wakageuka kusikiliza. Mzee Athumani akauliza kama Bibi Adelina anajua nimekuja. Nikasema hajui.

"Basi aje mwenyewe aniombe."

Nikarudi. Nilidhani Bibi atakataa, maana hao wawili wote wana vichwa vyao. Alinisikiliza, akajitwisha ngoma kichwani, akavuka uwanja, wamama wote nyuma yake kama mazishi. Akapanda barazani. Wakatazamana, hawa watu wawili wasiosemezana.

"Athumani," akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia, "kile kitenge kilikuwa kibaya tangu dukani."

Baraza nzima ikageuka kumtazama mzee. Mzee Athumani akauma mdomo, nikaona mabega yanaanza kucheza kwa kicheko.

"Adelina, hata kuomba hujui."

"Nimezoea kupiga. Kuomba ndiyo naanza leo. Hiyo pasi inawaka?"

"Inawaka tangu asubuhi. Weka mezani."

Mwenye kanzu, bwana mmoja aliyekuwa amekaa na fulana akisubiri kwenda harusini, akauliza na nguo yake je. Mzee Athumani akamwambia bila kugeuka kwamba kanzu hailii, isubiri.

Wadogo zangu, nimesimama mbele ya watu wengi maishani, lakini kazi niliyoiona kwenye meza ile sijaona mfano wake. Kwanza walifyonza maji kwa vitambaa, wakibonyeza, hawasugui. Kisha Mzee Athumani akaishika pasi, akaipuliza majivu, akaishusha juu ya ngozi mpaka ikabaki nafasi ya kiganja. Haikugusa. Akaizungusha polepole kutoka ukingoni kwenda ndani, kama anayepiga pasi hewa. Mkono wake, mzee yule, ulikwenda sawasawa kama uko kwenye pindo. Joto lake likipungua, fundi wa meza ya pili alikuwa tayari na ya kwake, na wa tatu anapuliza mkaa. Pasi zikawa zinapokezana. Wale wale waliokuwa wakilalamika kila mwaka kwamba ngoma zinawatoa kwenye mstari wa kushona, sasa wanagombania nani alete mkaa. Moshi mwembamba ulipanda, na harufu ya ng'ombe aliyekufa zamani ikaamka.

Tatizo likawa moja. Ili kujua ngozi imefika wapi, unaigonga kwa ncha ya kidole, unasikiliza. Ikiwa bado, ukiondoa pasi itabaki bubu. Ikipita, itapasuka, na hakuna dalili nyingine isipokuwa ule mlio mdogo. Bibi Adelina akagonga. Akainamisha sikio la kushoto. Mvua ilikuwa inanguruma juu ya bati. Akagonga tena. Niliona uso wake, na nikajua hasikii kitu.

Akainuka. Akamwita Stamili.

"Wewe sikiliza."

"Bibi, mimi sijui."

"Ukiwa mashineni unajuaje mpunga umeisha kukobolewa?"

Stamili akasema anasikia, mlio unabadilika.

"Basi."

Akamwacha mezani, akaenda kukaa kwenye gunia la vitambaa, mgongo ukutani. Fikirieni. Kitu ulichokilinda maisha yako yote, kiko chini ya makaa, na unakaa pembeni ukitazama kidole cha mtu mwingine.

Stamili aligonga. Akasema bado. Pasi ikazunguka. Akagonga. Bado. Mzee Athumani akaanza kumwangalia kwa wasiwasi, maana yeye aliona ngozi imebadilika rangi. Akauliza kama aondoe. Stamili akafumba macho, sikio likakaribia kuigusa ngozi, jasho linamtoka.

"Bado, baba. Kidogo."

Hata yule bwana wa kanzu alikuwa amesimama.

"Basi, toa. Toa sasa hivi."

Pasi ikainuliwa kama imeungua yenyewe. Ngozi ikabaki pale, kavu, nzima, imejivuta.

Mvua nayo ilikuwa inaisha. Lakini watu walikuwa wanaondoka, magari yanapakia, uwanja umekuwa jaruba la mpunga. Bila watu wa pande mbili za mto, makabidhiano hayapo. Nikakimbilia mezani kwangu, nikafunua turubai, vyombo vikavu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze nikafurahi kwamba vipo. Fundi Fidelis akawasha jenereta. Nikasema kwa nguvu zote nilizobakiza, na nadhani koo langu lilichanika siku ile:

"Watu wa Lupiro, watu wa Lumemo, wa Chita, shukeni kwenye magari. Bibi Adelina anakabidhi. Msiende uwanjani, uwanjani kuna matope. Njooni kwa fundi cherehani."

Kicheko kikasikika kutoka upande wa magari. Kisha nikawaona wanashuka, wanakuja, suruali zimekunjwa, wamebeba watoto na kuku, wakajaa mbele ya baraza mpaka kwenye mtaro. Jua likatokea chini ya wingu, la mwisho mwisho, la rangi ya mawese. Stamili akasimama na Mwenzetu mbele yake.

Mimi nilikuwa na maneno yangu ya kutambulisha. Nilikuwa nimeyaandika wiki nzima, mazuri, yana vina. Nikainua maiki, na maiki ikafa. Nikageuka. Fundi Fidelis alikuwa amezima jenereta. Nilimkasirikia, kisha nikaelewa. Spika zile na lile jenereta vingemchanganya sikio bibi. Nikasikia maji yanadondoka kutoka kwenye bati, na ng'ombe mmoja mbali.

Stamili akapiga.

Sina shule ya kueleza ule mlio. Haukuwa mkubwa mwanzoni. Ulitoka chini, kama kitu kinachotoka kwenye ardhi iliyonywa maji, ukapanda kwenye nyayo. Kwenye duka la jirani kulikuwa na sufuria zimetundikwa, na zote zikaitikia. Akaongeza, na wamama wakaingia na vigelegele na miguu, na baraza ikawa inacheza na mafundi wake. Niliwaona wazee wamevua kofia bila kuambiwa. Mwaka wa kwanza nilisema mko wengi. Mwaka huo sikusema kitu, nilikuwa nalia tu, na soksi ya maiki ndiyo niliyojifutia.

Lakini Bibi Adelina alikuwa amekaa kwenye gunia lake, uso kama ukuta. Hatikisi kichwa, hatikisi mguu. Watu wakaanza kumtazama yeye badala ya ngoma. Stamili akamwona, mikono ikapungua, ikasimama. Kila mtu alikuwa anajiuliza swali moja na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Bibi akainuka. Akasogea mpaka mbele ya mjukuu wake.

"Mkono wa kushoto unachelewa," akasema. "Rudia."

Kwa nukta moja hakuna aliyeelewa. Kisha Mzee Athumani akasema, si kwa nguvu, kama anayejiambia mwenyewe, "Amesikia." Neno hilo likapita mdomo kwa mdomo kurudi nyuma mpaka kwenye magari, na kutoka huko nyuma kikarudi kishindo cha watu ambacho spika zangu hazijawahi kukitoa.

Stamili akarudia. Safari hii kushoto hakukuchelewa.

Bibi Adelina alisikiliza mpaka mwisho, sikio la kushoto limeelekezwa. Hakusifu. Alikunja kanga yake iliyolowa, akamwambia Mzee Athumani kwamba mwakani atamletea kitenge, naye achague mwenyewe maana macho yake bado mazima. Kisha akaaga. Miaka yote niliyomjua alikuja na ngoma ile kichwani na kuondoka nayo kichwani, hakuna mtu aliyewahi kumpokea. Siku ile alishuka barazani, akakatiza katikati ya watu waliompisha njia, akaelekea kwenye gari la Lupiro, anatembea taratibu kwenye matope, mikono miwili mitupu inaning'inia kama ya msichana anayetoka shuleni, na hakugeuka nyuma.